Sange na Baraza la Kutazama Vipepeo

Hapo zamani za kale, wanangu, wanyama walipokuwa na nyumba na mabaraza kama sisi, jua liliwaka mpaka mito ikabaki mchanga mtupu. Likasalia dimbwi moja tu, nalo walilikalia wakubwa wawili: Nyati na shemeji yake Kifaru.

Wakubwa hao walikuwa na starehe yao. Kutwa walilala ukingoni, ndilo baraza lao, wakitazama vipepeo wakifyonza tope, kereng'ende wekundu wakichovya mikia majini, na ndege mdiria akijitupa, chubwi! Nyati akatunga sheria. Anayetaka maji akae kwanza atazame nao, kimya, mpaka jua lizame. Anayetikisika, nje!

Sasa Sange mnamjua? Yule mdogo kama panya, mwenye pua ndefu. Kutulia hajui! Pua inacheza, masikio yanacheza, na mguu wa nyuma unajipigia chini wenyewe, du-du-du! Asubuhi hufagia vijia vyote vya kwake, na akimaliza huanza kuvifagia upya.

Siku hiyo mkewe akamwita kwa sauti ya unyonge. "Baba Watoto, maziwa yamekauka. Hawa pacha hawafiki kesho nisipopata maji."

Sange roho ilimruka. Akatwaa kibuyu chake, huyoo, mbio mpaka dimbwini.

"Shikamooni, wazee. Naomba maji kidogo tu, nyumbani mke wangu kajifungua."

"Marahaba," akasema Nyati bila kugeuza shingo. "Keti utazame."

Sange akaketi. Kipepeo wa manjano akatua mbele yake. Sange akajibana, pua kaishika kwa mikono miwili. Lakini akawakumbuka wanawe, na mguu ukaenda wenyewe: du-du-du!

Purrr! Vipepeo wote wakaruka.

"Toka!" Nyati akanguruma. "Umewafukuza vipepeo wangu!"

"Hasa yule wa buluu," Kifaru akadakia.

"Wa buluu hakuwapo, shemeji."

"Mimi nimemwona!" Uongo mtupu. Kifaru hata pembe yake mwenyewe aliiona kwa shida.

Sange akaondoka machozi yakimlengalenga. Akapanda kichuguu kilichokuwa jirani, akashuka, akazunguka, akapanda tena. Arudije nyumbani na kibuyu kitupu? Macho nayo hayakutulia. Yakawaona shashi, wale ndege wanaodonoa kupe migongoni mwa wakubwa. Na kila mnyama aliijua desturi ya baraza lile: shashi wakiruka, kuna hatari, na wenye baraza hukimbia kwanza, kuuliza baadaye.

"Nitawarushaje?" Sange akajiuliza. Mguu ukapiga kichuguu, du-du-du, du-du-du. Mara kumbikumbi mmoja akachungulia tunduni.

"Mvua imeanza?" akauliza.

Sange akatazama juu. Mawingu yalikuwepo, ila tone hakuna. Sange, mjanja huyo, akatabasamu!

"Husikii inavyonyesha?" Akapiga kwa miguu yote: du-du-du-du-du!

"Mvua jamani! Tokeni, tokeni!"

Kumbikumbi wakafumka kwa mamia, mabawa yakimeremeta. Kereng'ende wakaliacha dimbwi na kuwafuata. Mdiria naye akafuata. Shashi mmoja akainua kichwa mgongoni mwa Nyati.

"Kumbikumbi! Na sisi tuko hapa tunatafuna kupe?"

Tsiii! Shashi wote wakaruka kwa pamoja.

"Wameruka!" Nyati akaruka naye. "Shemeji, wameruka!"

"Kuna nini?"

"Sijui, kimbia!"

"Upande gani?"

"We kimbia tu!"

Tifu! Tifu! Tifu! Wakapotea vumbini, miti ikivunjika kah, kah!

"Maji, jamani!" Sange akaita. Wanyama wakamiminika kutoka kila kichaka. Yeye akajaza kibuyu, akashika vijia vyake vilivyofagiwa, pasipo hata jani la kumkwaza. Mkewe akanywa, akanywa tena, na kabla kivuli hakijasogea pacha walikuwa wananyonya kwa kelele. Sange akafurahi hadi akacheka peke yake.

Aliporudi na kibuyu chake, aliwakuta Nyati na Kifaru wamesharejea, wanahema, ukingo mzima umejaa wanyama. Shashi nao walirudi, midomo imejaa mabawa.

"Mlituonya nini?" Nyati akauliza.

"Kuonya? Tulikwenda kula!"

Wanyama wakaangua kicheko. Nyati akavimba kwa hasira.

"Ondokeni barazani kwangu!"

Sange akasogea mbele, mguu unapiga du-du-du, na safari hii wala hakuuzuia. "Mzee wangu, sheria uliitunga mwenyewe. Anayetikisika, nje! Haya, waulize hawa wote, leo nani katikisika kukushinda wewe?"

Nyati akamgeukia shemeji yake amtetee.

"Mimi nilikuwa natazama tu," akasema Kifaru.

Basi wakubwa wale wakatoka barazani, wakaenda kusimama nyuma ya wote wakingoja zamu ya maji. Na walingoja sana, maana mbele yao alikuwa Sange, na Sange alikuwa akishajaza kibuyu anakwenda, anarudi, anajaza tena.

Wanangu, anayeona kwa macho ya kuazima, hata kiti chake mwenyewe hukikimbia.