Kiboko Analala Wapi?

Hapo zamani za kale, wanangu, karata zilichezwa na wanyama tu, kando ya mto, na Mwenyekiti wa Baraza la Karata alikuwa Kiboko. Sheria zote alizitunga yeye.

Siku moja alicheza na Bi Kuchakuro, yule mdogo mwenye mkia wa manyoya, aishiye katika tundu la mti. Kitoto kikamlilia mgongoni. Akakibembeleza: "Lala, mwanangu, lala."

"Ahaa!" akanguruma Kiboko. "Mezani, kulala ni kuacha mchezo. Na sheria mpya ni hii: neno likitamkwa mezani, limefunga. Nimekula dau! Tundu lako ni langu."

"Ee Mzee, utaingiaje?"

"Nitaweka kofia!" Akairusha juu, fyuu, ikatua tunduni.

Bi Kuchakuro akauliza, "Sheria hiyo ni ya wote?"

"Ya wote, hata mimi!"

"Mwamuzi Korongo, umesikia?"

"Kraa! Nimesikia. Na sheria haifutwi karata zikiwa mezani."

"Basi tucheze tena. Nikishinda, narudi kwangu. Nikishindwa, nitakukuna mgongo maisha yangu yote."

Karata zikagawiwa, pa! pa! pa! Kiboko akachungulia zake: wafalme wanne! Tumbo likatikisika kwa kicheko, gudu-gudu-gudu. Bi Kuchakuro akachungulia zake: takataka tupu, hakuna hata mbili zilizofanana. Akatabasamu kama bibi harusi.

"Mzee, nisamehe umbea. Chura anatangaza kwamba maji unayaogopa. Eti usingizi ukikushika, unajipenyeza zizini kwa mbuzi."

"Nani? Mimi?" Kiboko akafura. "Mwambie huyo mshenzi, mimi nalala majini! Nalala katikati ya mto! Nalala—"

"Kraa!" akapaza sauti Korongo. "Mwenyekiti amelala! Tena mara tatu!"

"Naifuta sheria!"

"Karata zimo mezani, Mwenyekiti."

"Lakini nina wafalme wanne!" Kiboko akawafunua, machozi yakimlengalenga.

"Waamkie," akasema Bi Kuchakuro, akifunua takataka zake.

Kiboko akajitupa mtoni, chubwii! Bi Kuchakuro akaparamia mti, akaiangusha ile kofia, akamlaza mtoto: "Lala, mwanangu, lala." Safari hii hakuna aliyesema amekula.

Nami nawaachia hili, wanangu: atungaye sheria ya kuwanasa wenzake, naye yumo ndani yake.