Tanga la Bwana Tsuma

"Upepo ni wa wote, pimeni tanga." Mmemsikia mwenyekiti akiwaambia maneno hayo wale waliotuletea wachezaji wa kukodi kwenye mashindano yetu ya mpira, nanyi mkabaki kutazamana. Tanga na mpira wapi na wapi? Basi kaeni niwaeleze. Methali hii ilianza hivi.

Kule Mbarambara, kwenye mashamba ya chumvi, kuna uwanda mweupe usio na hata kichaka. Wavuna chumvi walizoea kutundika turubai juu ya mikokoteni yao ili upepo uwasaidie kusukuma mzigo. Hapo ukazaliwa mchezo: vigari vya tanga vikishindana mara moja kwa mwaka, hadi kwenye mnara wa maji na kurudi. Sheria ilikuwa fupi: magurudumu matatu, tanga moja, mtu mmoja. Hakuna aliyefikiria kuongeza neno, maana wote walitumia magurudumu ya baiskeli na turubai kuukuu.

Nyevu, fundi wa baiskeli, alikuwa ameshinda mara mbili na kushindwa mara nyingi, na hakuwahi kununa.

Kisha akaingia Bwana Tsuma, mwenye malori ya chumvi. Alileta kigari alichokiagiza ng'ambo, magurudumu mepesi kama ubua, na tanga la kitambaa king'aavu lililoshinda matanga mawili ya wenzake kwa ukubwa. Akashinda. Mwaka uliofuata akashinda tena, akigeuka nyuma na kucheka. Wenzake wakahangaika kumfikia. Huyu akauza baiskeli yake, yule akauza mabati aliyoyaweka kwa ajili ya nyumba. Wasio na cha kuuza wakaacha. Vigari ishirini vikabaki saba.

Nyevu alinyamaza, hadi asubuhi ya shindano la tatu alipopita kwa mdogo wake, Mwaringa, akawakuta watoto wakinywa chai ya rangi.

"Maziwa yako wapi?"

Mwaringa akainama. "Nimemuuza mbuzi, dada. Nimenunua magurudumu kama ya Tsuma."

"Mbuzi wa maziwa ya watoto?"

"Ningefanyaje? Bila hayo mtu hashindani, anasindikiza tu."

Damu ilimchemka Nyevu. Tangu lini mchezo wa kufurahisha watu ukala riziki ya watoto? Alikisukuma kigari chake hadi uwandani, akakilaza ubavu mbele ya mstari wa kuanzia.

"Kiondoe hicho, mwanangu," akasema Mzee Ngowa, mwamuzi.

"Sikiondoi, Mzee. Lipimeni kwanza tanga la Tsuma."

Bwana Tsuma akacheka. "Kwani nimevunja sheria gani?"

"Hukuvunja. Sheria yetu ina tundu, nawe umepitisha lori."

"Umaskini wenu si kosa langu. Atakaye kasi aigharamie."

"Haya, tubadilishane. Panda changu, nipande chako. Tuone kinachoshinda ni mkono au mfuko."

Tsuma alikitazama kigari cha Nyevu, kamba zake na viraka vyake. "Mimi sipandi takataka."

Watu wakaguna. Mzee Ngowa akajikohoza. "Lakini Nyevu, zawadi ya mshindi huitoa Bwana Tsuma…"

Nyevu akapaza sauti. "Zawadi anaitoa yeye, upepo je? Upepo ni wa wote! Pimeni tanga!"

Mwaringa alikuwa wa kwanza kukilaza kigari chake karibu na cha dada yake. Mwingine akafuata, kisha wote. Bwana Tsuma akabaki peke yake mstarini, tanga likimpigapiga mabegani, bila mtu wa kumshinda.

Mzee Ngowa aliona haya. Akaagiza kamba ya kupimia, na siku hiyo hiyo wakakubaliana: tanga lisizidi turubai moja la dukani, magurudumu yawe ya baiskeli ya kawaida, na atakayeleta kigari cha namna nyingine akimbie peke yake. Bwana Tsuma alipakia kigari na zawadi yake kwenye lori, akaondoka bila kuaga. Waliobaki wakashindana, na mshindi akapewa jogoo.

Mwaka uliofuata vilijipanga vigari ishirini na sita. Lakini mbuzi wa Mwaringa hakurudi. Aliyemnunua alikwisha kumchinja. Kila alipokumbuka hilo Nyevu alisonya, akajilaumu kwa miaka miwili aliyokaa kimya.

Nanyi basi, mkimwona mtu anatumia mali yake kuwafungia wenzake mlango wa jambo ambalo Mungu amewapa wote, msinyamaze kwa sababu tu hakuna sheria aliyoivunja. Simameni mapema, mwambieni usoni: upepo ni wa wote, pimeni tanga.