Dada Wawili wa Mwambani na Maji Yaliyokataa Kupoa

Paukwa!

Pakawa!

Sijasikia. Nimesema paukwa!

Pakawa!

Haya, sasa mmeamka. Sogezeni kuni hizo, na wewe uliyesimama mlangoni ingia au toka, moshi unanirudia machoni.

Hapo zamani za kale, samaki waliposema na watu wakawajibu, palikuwa na kijiji kiitwacho Uvingoni, na mbele ya kijiji palikuwa na mwamba baharini. Msidhani mwamba ule ulikuwa jiwe tu. Ulikuwa hai. Waliujenga matumbawe, viumbe laini wenye mifupa migumu. Walikuwa wengi, lakini mimi nitawapa habari za wawili, dada na mdogo wake.

Mkubwa aliitwa Bonge. Alikuwa wa mviringo, mzito, mvivu wa kukua na mkali wa maneno. Mdogo aliitwa Pembe. Huyu alikuwa na matawi membamba kama pembe za paa, alikua mbio mbio, na alijipenda kweli kweli.

Ndani ya miili yao waliishi wapangaji, vijimea wadogo hata jicho haliwaoni. Kazi yao ilikuwa kupika. Walichukua mwanga wa jua, wakapika chakula kitamu, wakala wao, wakala na wenye nyumba. Hata rangi za akina dada wale, kijani hapa na hudhurungi pale, zilikuwa rangi za wapangaji.

Ukafika msimu mmoja, jua likawaka, upepo ukalala, maji yakapata moto. Watu wakasema, "Yatapoa." Hayakupoa. Samaki wakasema, "Yatapoa." Hayakupoa. Bonge akasema, "Yatapoa, lazima yapoe!" Hayakupoa.

Basi jikoni kukaharibika. Wapangaji walizidiwa na joto, na badala ya chakula kitamu wakaanza kutoa sumu.

"Mnanipikia nini nyie?" Pembe akafoka.

"Si sisi, ni joto!" wapangaji wakalia.

"Tokeni!"

"Twende wapi?"

"Tokeni! Tokeni, nimesema!"

Wakatoka, maji yakawachukua, na rangi ikaondoka nao. Pembe akabaki mweupe pe, mifupa yake ikionekana ndani ya ngozi.

Mnajua watu wa Uvingoni walifanya nini? Walipanda mitumbwi wakaja kutazama! "Lo, mwamba umependeza! Unang'aa kama shuka jipya!"

"Umependeza?" Bonge akapiga kelele. "Mdogo wangu ana njaa! Anakufa mbele ya macho yenu, nanyi mnasifu weupe wake!"

Hakuna aliyemsikia. Mtu anayesifu hana masikio.

Zikapita siku, Bonge naye akaanza kupauka. Akamwita Pono, samaki mwenye mdomo kama wa kasuku, ambaye kutwa nzima hutafuna mwani unaoota juu ya mwamba.

"Pono mwanangu, kamuulize Bahari kwa nini ananichemsha."

Pono akaenda, akarudi. "Bahari anasema si yeye. Amepashwa moto na Anga."

"Kamuulize Anga."

Pono akaruka juu ya maji, akauliza, akarudi. "Anga anasema si yeye. Watu wamemjaza moshi, joto halipati pa kutokea."

"Basi nenda kwa watu! Nimechoka na hizi si mimi, si mimi, si mimi!"

Pono akaenda. Safari hii hakurudi.

Bonge akangoja mpaka maji yakapwa, ndipo akaja Mize. Mize alikuwa mvuvi wa pweza. Alitembea juu ya mwamba na kijiti chake akichokoa mashimoni, na hakupita bila kumwamkia Bonge.

"Shikamoo, bibi. Mbona umepauka?"

"Marahaba. Pono wangu yuko wapi?"

Mize akainamisha kichwa. "Ameingia kwenye juya la kaka yangu Vuai, bibi. Ule wavu wa kukokota. Jana tumemkaanga."

"Nilimtuma kwenu na swali, nanyi mkamla!"

"Swali gani, bibi?"

"Nani anajaza moshi angani?"

Mize akafikiri. "Bibi, mimi nina mafiga matatu na sufuria moja. Moshi wa kuchemsha bahari unatoka miji ya mbali nisiyoijua, kwa watu wasionijua."

"Kwa hiyo si wewe."

Mize akataka kusema si mimi, akakumbuka kikaango cha jana.

"Sawa," akasema Bonge. "Joto huwezi kuniondolea. Lakini mwenye homa akiachwa alale, huenda akapona. Akipigwa na homa anayo, anakufa. Nani anayekokota juya juu yetu, akatuvunja? Nani anayewamaliza pono, mwani ukatufunika? Nani aliyekata mikoko mtoni, matope yakashuka yakatuziba pumzi? Hao nao wako miji ya mbali?"

Mize akageuka kumtazama Pembe, na hapo akaona mwani umeshaota kwenye matawi yake, laini kama ukungu wa mkate. Pembe alikuwa amekufa. Mize akalia palepale, miguu majini.

Akaenda moja kwa moja kwa Vuai, akamkuta anashona juya.

"Kaka, usikokote tena mwambani."

"Nile nini? Matumbawe?"

"Mwamba ukifa samaki hawana nyumba. Na mawimbi yatakuja mpaka kitandani kwako."

"Hilo joto nimelileta mimi?"

"Hukulileta."

"Basi niache."

Akamwambia asubuhi, hakusikia. Akamwambia mchana, hakusikia. Akamwambia jioni, Vuai akajifanya amelala na huku miguu inacheza.

Kesho yake Vuai na wenzake wakasukuma chombo na juya lao. Walipofika mwambani walimkuta Mize ameketi majini, mapajani mwa mwamba, maji yakimfika kifuani, na kando yake wanawake wenzake wa pweza. Wameketi palepale juya linapopita.

"Mize, ondoka!"

"Siondoki."

"Mize, maji yanajaa!"

"Nayaona."

"Mize, una wazimu?"

"Ninao. Kokota, kaka. Unikokote na mimi, jioni mnikaange."

Maji yakapanda. Wale wanawake wengine wakasimama, ingawa wao wanajua kuogelea. Mize hakusimama, naye kuogelea hakujua, na Vuai alilifahamu hilo tangu utotoni. Maji yakafika shingoni. Yakafika kidevuni. Vuai akatupa kofia, akatukana, akajirusha majini na nguo zake.

Alipozama kumshika dada yake alifumbua macho, na kwa mara ya kwanza akauona mwamba. Siku zote alikuwa akiuona wavu tu. Akamwona Pembe amevaa mwani kutoka juu hadi chini. Akatafuta samaki hata mmoja wa kumkimbia, hakumwona.

Akamtoa Mize akamweka chomboni.

"Kuna nini huko chini?" wenzake wakauliza.

"Hakuna kitu," akasema Vuai. "Ndiyo habari yenyewe. Hakuna kitu. Geuzeni chombo."

Tangu siku hiyo juya halikupita mwambani, na pono akinaswa kwa bahati mbaya alirudishwa majini. Vuai akaenda kuvua kwa mshipi na ndoano kwenye kina, akirudi na kidogo na manung'uniko mengi. Wanakijiji wakapanda mikoko mdomoni mwa mto, na Vuai kila mche alioutia topeni aliuambia: "Mimi! Mtu wa juya! Ninapanda miti!"

Upepo wa kusi ukavuma, maji yakapoa. Wapangaji wachache waliokuwa wamejificha ndani kabisa ya Bonge wakazaana, jiko likawaka tena, rangi ikarudi polepole. Upande wake mmoja haukurudi, ulikufa moja kwa moja. Pono wakaja, wakatafuna mwani wote juu ya mifupa ya Pembe, ikabaki safi.

Msiniulize kama Pembe alifufuka. Hakufufuka.

Lakini miaka ikapita, na siku moja Mize na Vuai walikuwa mwambani maji yamekupwa, wakaona juu ya mfupa wa Pembe kimeota kitu kidogo kama ukucha. Tumbawe mchanga. Vuai akapiga magoti kwenye maji, mtu mzima yule, akakitazama asipumue.

"Shikamooni," kikasema kitoto.

"Marahaba!" wakaitikia wote, na Bonge sauti yake ikawa juu kuliko zao.

"Mbona maji haya ni ya moto?"

Ni kweli, msimu ule joto lilikuwa limeanza tena. Bonge akamtazama Mize. Mize akamtazama Vuai. Vuai akatazama mbali, kule bahari inakokutana na anga, upande wa miji asiyoijua.

"Nimeuliza," kikasema kitoto. "Nani anayeyapasha?"

Hadithi yangu nimeifikisha hapo. Msinitazame mimi. Aliyeuliza yuko mwambani, naye bado anangoja.