Bi Pimbi, Nyegere na Donge la Mchaichai

Ngano ngano!
— Pepeta!
Niipepetee wapi?
— Hapa hapa tulipo!
Na makapi yakiwaingia machoni?
— Tutafumba!

Haya, fumbeni macho, lakini masikio msizibe.

Kwenye kilima cha mawe aliishi pimbi mmoja jike. Tulimwita Bi Pimbi. Alikuwa na mume mpole na watoto watano wasioshiba. Mwenyewe alikuwa mdogo, angeweza kulala ndani ya chungu na mfuniko ukafungika. Lakini kwa kazi ya nyuki, hapakuwa na mnyama wa kumfikia. Wenzake walizunguka porini kuwatafuta nyuki mpaka miguu ikavimba. Bi Pimbi hakuwatafuta nyuki. Aliwaita.

Aliwaitaje? Alichuma mchaichai, akautwanga kinuni: twa! twa! twa! Akayeyusha nta kuukuu, akachanganya, akafinyanga donge. Akapaka ndani ya mzinga mtupu, akapaka na mlangoni, akautundika juu ya mti wa mgunga, akangoja. Nyuki waliohama kwao wakisikia harufu ile, hudhani wenzao wameshakaa humo. Anakuja mpelelezi mmoja: zii. Wanakuja kumi: ziii. Halafu kundi zima pamoja na malkia wao: vuuuuuu! Wanaingia. Kazi imekwisha.

Ingekuwa imekwisha, kama asingekuwa na jirani.

Jirani mwenyewe ni Nyegere. Makucha kama majembe, ngozi nene hata nyuki wakimchoma mgongoni anacheka, na tumbo lisilojua neno basi.

Mzinga wa kwanza ulipopata nyuki, Nyegere akaja. Akakwea: kwaru, kwaru. Akausukuma: puu! Akaupasua: kraa! Akatia mdomo ndani, akautoa.

"Mbona hamna asali?"

"Wameingia jana!" Bi Pimbi akapiga kelele kutoka juu ya jiwe. "Jana, Bwana Nyegere! Nyuki wa jana wana asali ya lini? Waache wajenge, nakuomba!"

"Mimi sijui kungoja," akasema Nyegere. Akatafuna kipande cha sega tupu, akaenda zake. Nyuki wakatawanyika.

Bi Pimbi akatwanga tena, akapaka tena, akatundika mzinga wa pili. Nyuki wakaingia. Nyegere akaja. Kwaru, kwaru. Puu! Kraa!

"Mbona hamna asali?"

"Si nilikwambia? Nakuomba, ungoje!"

Akatundika wa tatu. Nyuki wakaingia. Kwaru, kwaru. Puu! Kraa!

"Mbona hamna—"

"Usiniulize!" akalia Bi Pimbi. "Nakuomba kwa mara ya tatu, na usiniulize tena swali hilo!"

Akarudi nyumbani akitetemeka masharubu. Mumewe alikuwa anaota jua.

"Mama watoto, mwachie tu," akasema mume. "Atachoka."

"Atachoka yeye? Nimechoka mimi! Maua ya migunga yamebakiza siku chache. Yakipukutika, hakuna kundi linalohama tena. Nitapata wapi asali ya kubadilishana na mtama? Hawa watano watakula mawe?"

Mume akawatazama watoto, kisha akayatazama mawe.

Kesho yake Bi Pimbi yuko kinuni, mumewe kando yake anaota jua. Twa! twa! twa! Kivuli kikamfunika. Nyegere.

"Kumbe dawa yenyewe ndiyo hii!" akasema Nyegere. "Nipe."

"Hii ni ya mizinga."

"Nipe! Kila siku mimi kupanda miti, kushuka miti, nimechoka."

Umechoka wewe! Bi Pimbi alitaka kumtupia mchi. Akaushika vizuri kabisa. Halafu akauweka chini, akashusha pumzi.

"Bwana Nyegere, sikiliza nikwambie kweli. Usijipake dawa hii. Ukijipaka, nyuki hawataenda mzingani. Watakuja kwako."

"Kwangu? Wangapi?"

"Kundi zima, na malkia wao."

Nyegere akameza mate: glu! "Basi nipake."

"Nimekukataza, ukumbuke."

"Nipake! Tena paka hapa mdomoni, wasipate taabu ya njia."

"Mume wangu, umesikia alivyosema?"

"Nimesikia," akajibu mume.

Bi Pimbi akapaka. Akapaka midomo, akapaka kidevu, akapaka pua mpaka ndani ya matundu. Alipaka donge zima, hakubakiza hata chembe. "Sasa kaa hapo, utulie."

Nyegere akakaa. Akaja mmoja: zii. Nyegere akacheka. Wakaja kumi: ziii. Akalamba midomo. Mara jua likafifia kidogo na mgunga ukatikisika: vuuuuuuuu!

Wakatua. Wakatua puani, wakatua kidevuni, wakashikana miguu, wakaning'inia mpaka kifuani kama ndevu. Nyegere akafungua mdomo awatafune. Kumi wakaingia. Sasa jamani, ngozi ya mgongo ni nene, lakini ulimi una ngozi gani?

"Aaaa— mmmm!"

Akafumba mdomo. Akakimbia, ndevu zikakimbia naye. Akainua kucha awakung'ute. Wakamchoma ndani ya pua. Akarudi mbele ya Bi Pimbi polepole, machozi yakimchuruzika.

"Mmm! Mmm!"

"Unasemaje, jirani?"

"Mmm!"

"Sikusikii. Ongeza sauti."

"Mama watoto," mume akasema, "nadhani anakuomba."

"Najua anaomba! Na mimi si niliomba? Mara tatu niliomba!" Akamgeukia Nyegere. "Nitakutua mzigo huo. Lakini iko mizinga mitatu chini, imepasuka. Sijui nani aliipasua. Ishikanishe, ufunge kamba, uitundike. Taratibu, tafadhali, usiwaudhi wageni."

Nyegere alifanya kazi mchana kutwa. Akishika gogo la mzinga kwa pupa: zii! Anachomwa. Akifunga kamba kwa hasira: zii! Anachomwa. Ikambidi afanye kila kitu polepole kama bibi harusi anayeshuka ngazi. Bi Pimbi naye akatwanga mchaichai mwingine, akapaka milango yote mitatu.

"Sasa panda hadi kwenye mzinga wa kwanza. Weka pua mlangoni. Ngoja."

"Mmm?"

"Ngoja, nimesema! Jifunze!"

Nyegere akangoja. Akaingia nyuki mmoja. Wakaingia kumi. Wakaingia wote na malkia wao. Pua ilipobaki wazi, ilikuwa imevimba kama papai. Akashuka: puu! Akakimbia hadi upande wa pili wa kilima, hakuaga.

Kabla maua hayajapukutika, makundi mengine mawili yalikuja, na mizinga mitatu yote ilikuwa inanguruma. Asali ilipoiva, mtama ukapatikana, watoto wakala. Nyegere aliletewa salamu tu. Nasikia hata leo, mtu akichemsha chai ya mchaichai, yeye huziba pua na kuhama njia.

Ungo wangu umetoboka hapo.
— Na funzo je, mbona hujatupa?

Funzo mnalijua: msimdanganye jirani, ni vibaya sana. Bi Pimbi hakudanganya hata neno moja. Basi nanyi mkipata jirani mlafi, mwambieni ukweli wote, taratibu, kwa heshima. Akikataa kusikia, mpakeni vizuri mpaka ndani ya pua.