Kwa Nini Njia ya Ziwani Hufungwa Theluji Inapoyeyuka

Zamani hizo, kabla Theluji hajajua kushuka, njia ya kwenda ziwani ilikuwa wazi mwaka mzima. Ilianzia hapa kwenye vihamba vyetu vya migomba, ikapanda msituni, ikatokea kwenye nyasi za juu na kuishia ukingoni mwa maji. Ilikuwa kavu, wala hukuhitaji kukunja nguo. Ninyi wageni mngeipenda sana. Lakini nisikilizeni mpaka mwisho, maana watu walioifaidi njia ile nusura waliue ziwa lenyewe, na mwanamke mmoja pamoja nalo.

Theluji siku hizo alikaa kileleni tu, mweupe, ametulia, anajipenda. Ziwa alikuwa binti yake wa pekee. Mama huyo akitazama kutoka juu aliona maji yanang'aa, akajiambia kwamba mtoto wake hana shida. Hakuwahi kushuka hata siku moja kumjulia hali. Wako akina mama wa namna hiyo mpaka leo, na siwataji majina.

Kazi ya Ziwa ilikuwa kuzaa. Vijito vyote mlivyovivuka mkija huku ni watoto wake. Kila kipupwe kilipokwisha alijifungua kijito kingine, na kabla kijito hakijatambaa hatua kumi, watu wa Mrimbo, ndio babu zetu, walikuwa wameshafika na majembe kuchimba mfongo, yaani mfereji wa kupeleka maji mashambani. Wakaleta ng'ombe kunywa, wakakata matete, wakaloweka ngozi, asubuhi na jioni, mwaka nenda mwaka rudi. Hakuna aliyemwambia Ziwa pole. Akaanza kupungua. Kwanza yalitokeza mawe ambayo hakuna aliyewahi kuyaona, kisha tope, na mwishowe mifongo ya chini ikakauka kabisa.

Msimamizi wa mifongo alikuwa Ndesario. Alikuwa mtu mwema na mchapakazi, ila hakujua kumwambia mtu hapana. Kila aliyetaka maji alipewa. Maji yalipokatika aliona aibu, akatoa amri ya harakaharaka: kila mwenye miguu apande ziwani na mtungi, kila siku, mpaka mvua zirudi. Na ili asionekane anapendelea nyumba yake, akamtaja na mkewe, Aikaruwa.

Sasa, Aikaruwa alikuwa amejifungua mtoto wa kike siku tisa tu zilizopita. Siku hizo hapakuwa na desturi ya mzazi kukaa ndani. Mwanamke alizaa leo, kesho kutwa yuko shambani na jembe, na watu wakamsifu kwamba ana nguvu. Mimi nimezaa sita, na sifa za namna hiyo sizitaki.

Mama yake Ndesario alijaribu kusema. "Mwanangu, huyu mwili wake bado mbichi. Mwache apumzike."

"Mama, nikimwacha wangu, watu watanielewaje?" Ndesario akajibu.

Basi Aikaruwa akampachika mtoto mgongoni kwa ngozi ya mbuzi, akajitwika mtungi, akapanda. Alipumzika mara nyingi njiani. Alipofika ukingoni alichota maji, na alipotaka kuinuka akashindwa. Akakaa palepale kwenye tope. Mtoto akanyonya, akaachia, akanyonya tena. Maziwa hayakuwepo. Kale katoto kakalia kwa sauti nyembamba ya mtu aliyechoka kulia, na mama yake akalia pamoja nako.

Hapakuwa na mtu wa kusema naye, kwa hiyo alisema na Ziwa. "Dada yangu, na wewe wamekukamua hivi? Mimi mama yangu alishafariki. Wako yuko wapi?"

Theluji akasikia. Kwa mara ya kwanza tangu aumbwe alitazama chini vizuri, akaona mawe yamechomoza kama mbavu, akaona tope mahali palipokuwa na maji, akaelewa kwamba mwanga aliokuwa akiuona miaka yote hiyo ulikuwa mwanga wake mwenyewe. Aliona aibu kubwa. Akatokwa jasho, kisha machozi, kisha akashindwa kukaa. Akashuka na kila alichokuwa nacho. Na kwa kuwa hakuijua nyingine, alifuata njia aliyowaona watu wakiifuata siku zote kwenda kwa binti yake. Akashuka mpaka kwenye njia ya ziwani, akaijaza ukingo hadi ukingo, kisha akageukia kwa mtoto wake.

Mama yake Ndesario hakuwa amekaa nyumbani kusikitika. Alikuwa amepika mtori, ule mchuzi mzito wa ndizi na nyama, akautia kwenye kibuyu na kumfuata mkwewe, na alikuwa ameshaipita njia ile maji yalipoanza kushuka. Alimkuta Aikaruwa amelala ubavu, midomo imekauka, mtoto kifuani. Akamkokota hadi kwenye pango walimolala wachungaji, akawasha moto, akamnywesha mtori kidogo kidogo.

Alasiri Ndesario akapanda kumtafuta mkewe, watu wa Mrimbo wakiwa nyuma yake. Njia haikuwepo. Palikuwa na maji ya baridi yanayonguruma, mawe yanabiringika ndani yake, na kando tope la kufika magotini. Ng'ambo aliona moshi, na akasikia mtoto wake analia. Akajua kwamba yeye ndiye aliyewapeleka huko. Alilia mbele za watu bila kujificha.

Halafu akakimbia kukata jani la sale. Kwetu, ukimkosea mtu ukamletea jani la sale lililofungwa fundo, hawezi kulikataa, hata kama umemuulia ndugu. Ndesario alilifunga, akaliinua juu, akaita kwa nguvu zake zote: "Aikaruwa, nimekukosea! Nimeleta sale!" Kisha akaingia majini moja kwa moja, maana aliona neno limekwisha. Maji yakampiga mwereka, yakamrudisha kwenye tope na kuondoka na kiatu chake kimoja.

"Mama!" akalalamika. "Nimeleta sale, mbona sipiti?"

Mama yake akatoka pangoni. "Sale la mkeo tumeliona. Na Ziwa umemletea nini?"

Ndesario akafunga jani la pili, akapiga magoti, akaliweka juu ya maji. Maji yakalichukua polepole, yakalizungusha, yakaenda nalo kwa Ziwa. Watu wote waliona kwamba limepokelewa. Wakangoja maji yapungue, lakini hayakupungua.

"Umesamehewa, baba," mama yake akamwambia kutoka ng'ambo, na sasa sauti ilikuwa ya upole. "Mkeo amekusamehe, na Ziwa pia. Ila msamaha haurudishi damu mwilini. Hawa wawili wanahitaji siku. Nenda nyumbani ukapike."

Basi Ndesario akaenda kupika, mtu ambaye hakuwahi kumenya ndizi hata moja. Walivuta kamba ya magome ya mgomba kutoka mti wa huku hadi mti wa ng'ambo, na kila siku alitundika kibuyu, mama yake akakivuta. Mtori wa kwanza ulikuwa na majivu, ukarudishwa kama ulivyo. Wa pili ulikuwa na utomvu hata mbuzi hakuugusa. Wanaume wenzake walimcheka mpaka wakachoka. Mwezi wa pili kibuyu kilianza kurudi kitupu, na Ndesario alifurahi kuliko siku aliyopewa usimamizi wa mifongo.

Siku moja alikuta watu na majembe, wanataka kuchimba mfongo mpya kutoka kwenye maji yaliyofurika. Walikuwa wamezoea kwamba hawanyimwi. Ndesario akang'oa mche wa sale, akaupanda katikati ya njia, akasimama mbele yake.

"Hapana," akasema. "Huko kuna mzazi."

Walimbishia, wakamkumbusha undugu, wakamwita mchoyo. Hakuondoka. Jioni wakarudi nyumbani na majembe yao.

Mwezi wa tatu njia ikakauka. Mawe yote yalikuwa yamefunikwa, Ziwa amejaa hadi mdomoni. Aikaruwa akashuka kwa miguu yake, amenenepa, ngozi inang'aa, na mtoto ana mashavu ya kupinda shingo. Ndesario akamkimbilia. Aikaruwa akamkabidhi mtoto ambebe. Huko chini mifongo ilikuwa inaimba, hata ile iliyokauka.

Na tangu siku hiyo, kipupwe kikiisha na jua likianza kuchoma kilele, Theluji hushuka kumlea binti yake aliyejifungua, na hupita njia ileile, kwa sababu mpaka leo hajajifunza nyingine. Ndiyo maana njia hufungwa. Na ndiyo maana mwanamke wa kwetu akizaa hukaa ndani miezi mitatu, analishwa, na mume anayejua haya hampi jembe.

Siku hizi wameweka geti la chuma na kibao chenye maandishi mekundu. Sawa, lakini sale hili pembeni nalipanda mimi. Kila mwaka watu hupiga honi hapa, wanaonyesha karatasi zao za vibali, wananiuliza nani kaharibu barabara. Hakuna aliyeiharibu, wanangu. Ni mama anampelekea mtoto wake chakula, amechelewa sana kuanza, na hataki kuharakishwa. Geuzeni magari taratibu. Mrudi baada ya miezi mitatu, mtamkuta Ziwa ametoka nje. Na mkija kumwona mzazi, msije mikono mitupu.