Bibi Kobe Achagua Mashine ya Oda

Hapo zamani, kale ile wanyama walipokuwa wakipika na kuuziana vyakula, kulikuwa na mgahawa kando ya kijito. Mwenyewe alikuwa Bibi Kobe. Aliishi na Pimbi, yatima aliyemlea, mdogo kuliko sufuria ya maharage.

Wadogo zangu, wateja wa mgahawa ule hawakutaja chakula. Mtu aliingia, akakaa, akasema, "Bibi, kama kawaida." Basi. Bibi Kobe alijua kawaida ya kila mmoja.

Lakini uzee ukamwingia. Siku moja alimpa Twiga maharage, na maharage humvimbisha Twiga shingo nzima. Kesho yake akampa Swala pilipili, naye Swala ananyonyesha. Wateja hawakumgombeza. Walianza tu kwenda kula kwingine, na hilo likamuuma zaidi.

"Mjukuu wangu," alisema Bibi Kobe, "nikiendelea kukosea nitafunga. Na nikifunga, asubuhi nitaamka nifanye nini?"

"Tutafute mashine ya kuweka oda, Bibi. Ikukumbushe."

Wauzaji wa mashine walikuwa wawili, Tembo na Kiboko. Wakaja siku moja, kila mmoja na yake.

"Naomba nijaribu kwanza," alisema Bibi Kobe.

"Mashine yangu haijaribiwi," alisema Tembo. "Inaaminiwa."

"Hata yangu," alisema Kiboko. "Weka ukucha kwenye mkataba huu. Miaka saba, sawa na wa Tembo. Ukishaweka, mashine hairudi."

Kwa hofu ya kufunga mgahawa, Bibi Kobe akainua ukucha. Pimbi akaushika taratibu.

"Wazee wetu, mtupe hadi Jumamosi."

Walipoondoka tu, Pimbi akatoka mbio, piti piti piti, hadi kwa Tembo.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Bibi amekubali?"

"Bado. Kiboko anasema Jumamosi ataileta yake bure, ahudumie chakula cha mchana mwenyewe, watu wote waone. Anasema wewe huthubutu."

Masikio ya Tembo yakapiga pa, pa. "Mimi nisithubutu? Mwambie bibi yako nakuja."

Piti piti piti, Pimbi akaenda kwa Kiboko. Akasema maneno yaleyale, ila alibadilisha jina.

Jumamosi ilikuwa siku ya gulio. Wanyama waliposikia kwamba Tembo na Kiboko wamevaa aproni na wanahudumia meza, walikuja wote, hata waliokuwa wamehama. Wa kwanza alikuwa Twiga.

"Kama kawaida," alisema.

Kiboko akatafuta kwenye mashine. "Chakula hicho hakimo humu."

"Kwa Bibi kipo."

"Taja jina."

"Twiga."

"Jina la chakula, bwana."

"Chakula changu ni kile cha kawaida."

Kiboko akabonyeza wali na maharage. Tiii. Twiga akaitazama sahani, akaisukuma pembeni. Nyuma yake foleni ilikuwa imefika kijitoni. Nyumbu, Ngiri, Pundamilia, wote kama kawaida, kama kawaida, kama kawaida. Jasho likamtiririka Kiboko. Kwa Tembo nako hali ilikuwa ileile.

Pimbi akapanda juu ya meza. "Mzee Tembo, mashine yako haiwezi kuwekewa majina ya wateja na vyakula vyao?"

"Inaweza. Lakini sehemu hiyo tumeifunga. Huwa tunaifungua mwaka wa tatu."

"Pole. Kiboko anakutazama."

Tembo akageuka, akamwona kweli. Akaifungua palepale.

Bibi Kobe akaja pole pole, akasimama mbele ya Twiga. "Nisamehe, baba. Kawaida yako imenitoka kichwani. Ilikuwa nini?"

Twiga akainama mpaka macho yao yakawa sawa. "Ndizi na mchicha, Bibi. Mimi nilidhani umenichoka."

"Nikuchoke wewe?"

Pimbi akaandika: Twiga, ndizi na mchicha. Wakaenda hivyo, mteja mmoja mmoja, mpaka foleni ikaisha na wote wakala.

"Nachukua ya Tembo," alisema Bibi Kobe. "Ila miaka saba sitaki. Tutakwenda mwezi kwa mwezi, na ikinishinda utakuja kuibeba mwenyewe."

Wateja wote walikuwa wakisikiliza, na Kiboko pia. Tembo akakohoa. "Sawa, mama."

Wakati wa kuvua aproni, Tembo akamgeukia mwenzake. "Kiboko, kwa nini ulisema sithubutu?"

"Mimi? Wewe ndiye uliyesema hivyo kunihusu."

Hapo wote wawili wakamtafuta Pimbi. Kumbe alishaingia kwenye ufa wa jiwe, nyuma ya jiko, ambamo hata ncha ya mkonga haipiti. Kilichosikika ni khi khi khi tu. Kiboko ndiye aliyeanza kucheka, na Tembo akafuata.

Walipokwenda zao, Bibi Kobe alimwita mjukuu wake kwenye mashine.

"Bado mmoja. Andika Pimbi."

"Mimi si mteja, Bibi."

"Andika. Pimbi, ukoko wa wali, usimwagiwe mchuzi. Siku nikisahau, nisisahau hilo."

Pimbi akaandika herufi moja moja, kwa sababu macho yake yalikuwa yamejaa machozi.

Funzo ni hili, wadogo zangu: chombo cha kazi kijaribiwe kazini kwanza, mbele ya wale kitakaowahudumia.