Kitanda cha Mzungu wa Nne

Sogeeni. Anayetaka kusinzia akasinzie kwao, maana hadithi hii yenyewe ni ya usingizi, na imeniudhi tangu siku niliyoisikia. Nawasimulia ili mnipe hukumu, si ili mnipigie makofi.

Katika mji mmoja wa reli walikuwako wanawake watatu. Atuganile alikuwa na pua. Chungu kikiungua mtaa wa pili, yeye wa kwanza kujua, na atakwambia kama ni maharage au wali. Stumai alikuwa na sauti. Aliuza mayai ya kuchemsha stesheni, na abiria wa behewa la mwisho walimsikia hata injini ikipiga honi. Nyamizi naye alikuwa na mikono. Gunia ambalo wanaume walisema ni la watu wawili, yeye alijitwika peke yake huku akiwatukana wanaume hao. Huyo Nyamizi ndiye mwenye hasira humu, na mimi simlaumu hata kidogo.

Treni ilipita usiku, kwa hiyo walichuuza usiku na kulala mchana, katika nyumba ya kulala wageni ya Bi Kashindye. Nyumba gani! Chumba kimoja kirefu, vitanda vimebanana hata huwezi kuvaa kiatu bila kumpiga mwenzio kiwiko. Madirisha Bi Kashindye aliyapigilia mbao, ati watu wasizamie bure. Mlango aliutia kufuli kwa nje, ufunguo akaufunga pindoni mwa khanga, huyoo akaenda zake. Mmoja akikohoa, kesho yake chumba kizima kinakohoa. Nyamizi alilalamika mpaka akachoka. Jibu lilikuwa lile lile: "Mwanangu, ukitaka hewa kalale uwanja wa mpira."

Kitanda cha peke yako hakikuwa cha mchuuzi. Hao watatu walilala kimoja, mzungu wa nne: Atuganile na Stumai vichwa ukutani, Nyamizi kichwa miguuni pao, kama yule mfalme wa karata mwenye kichwa juu na kichwa chini. Waligombania shuka, walitukanana kwa ajili ya miguu ya baridi, lakini usingizi waliupata.

Basi mchana mmoja wa mvua Bi Kashindye akainjika maharage ukumbini, mbele ya mlango wa chumba, akafunga kufuli lake, akaenda msibani. Huko mazungumzo yakakolea, akasahau. Maji yakakauka, cheche ikaruka, magunia ya mkaa yakashika moto. Na ndani watu wamelala fofofo.

Atuganile ndiye aliyenusa. Wengine moshi uliwazidishia usingizi tu, yeye pua ikamwamsha. Hakupoteza muda kubembeleza mtu. Alipita kitanda kwa kitanda akizaba makofi, wakubwa kwa wadogo, mpaka wote wakasimama wakimlaani. Bila hayo makofi, hakuna ambaye angefumbua macho tena.

Stumai ndiye aliyeita. Jirani palikuwa na mashine ya kusaga, nayo ilikuwa inanguruma, watu wakipiga mayowe mle ndani hakuna anayewasikia. Stumai akaweka mdomo kwenye ufa wa mbao. Wala hakuita "Moto!" Aliujua mtaa ule: kwenye moto watu hukimbia, kwenye mwizi hukimbilia. Akaita, "Mwiziii!" Looo! Mtaa mzima ukamiminika na marungu na mitaimbo, wakafika wakakuta hakuna mwizi wa kupigwa ila mbao.

Nyamizi ndiye aliyevunja. Aling'oa chuma cha kitanda, akazigonga mbao kwa ndani huku wenye mitaimbo wakizibandua kwa nje. Misumari ikamchana viganja, hakuacha. Dirisha lilipoachia, akawanyanyua wenzake mmoja mmoja na kuwapitisha nje, yeye akatoka wa mwisho. Hakufa mtu, na majirani wakauzima moto kabla haujaingia chumbani.

Ndipo serikali ikaamka, maana yenyewe haikuwa imezabwa makofi. Akaja Bwana Afya, kijana nadhifu, kopo la rangi ya kuandikia namba za vitanda mkononi.

"Hapa analala nani?" akauliza mbele ya kile kitanda.

"Sisi watatu," Nyamizi akajibu. "Mzungu wa nne."

Kijana yule, aliyelala peke yake tangu alipoachishwa ziwa, akakunja uso. "Kumbe mko wanne? Na huyo Mzungu yuko wapi? Ana kibali cha kuishi nchini?"

Chumba kikaangua kicheko. Nyamizi hakucheka. Alipomweleza, Bwana Afya akashika kichwa. "Watu watatu kitanda kimoja! Kifua kikuu je? Upele je?"

Akaamuru madirisha yabaki wazi, kufuli la nje litoke, vitanda vipunguzwe, na kitanda kimoja kilaliwe na mtu mmoja. Sikilizeni, sisemi alikosea. Hayo ndiyo Nyamizi aliyokuwa akiyapigia kelele. Lakini gesti nyingine za mji alikwisha kuzifunga, na pale kwa Bi Kashindye vitanda vilivyosalia walibaki navyo wenye kulipia kitanda kizima. Kwa hao watatu Bwana Afya akatoa kibao kimoja cha bati chenye namba ya kitanda, akamkabidhi Nyamizi. "Mwenye kibao ndiye alalaye. Amueni wenyewe."

Nyamizi akamgeukia Bi Kashindye kwa hasira. "Na wewe, kile kitanda chako cha sita kwa sita unalala na nani?"

"Nalala na heshima yangu."

"Hicho si kitanda cha wageni," akasema Bwana Afya. "Sheria haikigusi."

Mnaona? Aliyefunga watu kwa kufuli amebaki kitandani kwake, na waliotoa watu motoni wanagombania bati.

Maana waligombana kweli safari hii. "Bila pua yangu mngeamkia ahera," Atuganile akasema. Stumai akamkatiza: "Ungenusa ukachoka, nani angekujia? Niliwaita mimi!" Nyamizi akawanyoshea viganja vyenye vidonda. "Nuseni basi, na muite! Mngeungua huku mnaita!" Maneno yakamtoka kabla hajayapima, akamwona Stumai anafuta machozi, akazidi kukasirika, na safari hii hakujua anamkasirikia nani.

"Fanyeni haraka," Bi Kashindye akasema. "Kuna mteja mlangoni. Msipoamua, nampa yeye."

Haya, nyinyi mliokuwa mkicheka habari ya Mzungu, semeni sasa. Wawili watalala baraza ya stesheni, na mvua haijakatika. Kibao apewe aliyenusa, aliyeita, au aliyevunja? Msiniambie wapokezane, kazi yao ni moja na saa yao ya kulala ni moja. Msiniambie wabanane, sheria imekataa, na sheria ina haki yake. Wewe uliyekaa hapo mbele, shika kibao. Mteja anagonga. Unampa nani?